Muulize Mjomba wa Vitabu: Nalala peji ya kumi

Mwezi huu simu ya mjomba imejaa kweli. Sijui nani kawaambia watu wote waanze riwaya za zamani kwa mpigo, ila nashukuru, maana toleo lililopita nusu ya meseji zilikuwa za kuuliza nani kashinda fumbo la maneno. Nimechukua maswali sita. Waliobaki vuteni subira, sijawasahau.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni fundi friji hapa Morogoro, miaka 29. Form four nilisoma riwaya mbili za pepa na ukiniuliza leo nakumbuka dhamira tu, stori yenyewe imefutika. Sasa juzi nikajisemea hapana, mtu mzima mimi sijawahi kumsoma Shaaban Robert, nikanunua Kusadikika, kitabu chenyewe chembamba, nikasema hiki Jumapili moja tu nakimaliza. Mjomba, nimelala peji ya kumi. Jumapili iliyofuata nikalala peji ya kumi na mbili. Tatizo ni mimi au kitabu? Na hao wanaokisifia wanaona nini ambacho mi sikioni?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Umepiga hatua lakini, peji mbili kwa wiki siyo haba.

Tatizo siyo wewe, na kitabu nacho hakina kosa, tatizo ni vile tulivyofundishwa kukishika. Shuleni tulisomeshwa riwaya kama wale jamaa wa kukata magari ya wizi, gari likiingia tu gereji wanang'oa vipuri, dhamira weka hapa, migogoro weka pale, ujumbe, msimamo, falsafa ya mwandishi, tamathali za semi tano na mifano yake, wakimaliza hakuna gari tena, kuna rundo la vyuma. Mi mwenyewe nilipata B ya Kiswahili kwa riwaya ambayo sikuwahi kuishika mkononi, nilikariri notsi za mtu aliyetutangulia mwaka mmoja alizoandika kwa kalamu ya kijani, na hadi leo nikisikia jina la kile kitabu naona wino wa kijani tu. Nilikuja kukisoma nina miaka thelathini na kitu, nikakuta kumbe kinachekesha! Hakuna notsi hata moja iliyoniambia kinachekesha.

Sasa tuje kwenye peji yako ya kumi. Kusadikika kimetoka 1951. Tanganyika iko chini ya Mwingereza, na Shaaban Robert ni karani wa serikali hiyohiyo, mtu aliyeanza kazi forodhani 1926 akiwa kijana mbichi. Karani wa namna hiyo hawezi kusimama akasema wakubwa wa hapa hawataki kuambiwa ukweli. Anafanyaje? Anatunga nchi inayoelea huko angani, anaipa mfalme, anaipa waziri anaitwa Majivuno, halafu anamleta mahakamani kijana anaitwa Karama ambaye kosa lake ni kutaka watu wajifunze sheria. Basi. Ndo kesi yenyewe. Karama akipewa nafasi ya kujitetea anaanza kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma huko nyuma, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo.

Ukilijua hilo kabla hujafungua kitabu, husomi tena "uongozi mbaya katika jamii" mpwa wangu, unamsikiliza mtu anayepigania roho yake kwa hadithi, siku baada ya siku, mbele ya watu walioshaamua kumfunga. Ni mchezo uleule wa Alfu Lela Ulela, yule bibi anayesimulia usiku kucha ili alfajiri asiuawe. Jiulize kila siku ya kesi, leo kawapata? Wamelegea? Majivuno anakunja uso au bado anatabasamu?

Jambo la pili, nadhani ulikuwa unasubiri Karama awe kama mtu wa kwenye tamthilia ya saa tatu usiku, apende, akasirike, atoroke na gari. Hafanyi hivyo, na hatafanya. Majina yenyewe yameshakwambia, Majivuno ni majivuno na Karama ni karama. Kwenye hadithi za bibi hakuna aliyewahi kuuliza fisi utoto wake ulikuwaje, fisi ni mlafi, twende. Hiki nacho kimekaa upande ule, kwahiyo ukikidai kitu ambacho hakikuahidi lazima ulale.

La tatu ndo kubwa na ndo ambalo watu wananibishia: soma kwa sauti. Siyo kimoyomoyo, sauti kabisa, hata kama majirani watadhani unaongea na simu. Shaaban alikuwa mshairi kwanza, sentensi zake zinatembea mbilimbili kama watu waliotoka msikitini, neno linajibiwa na mwenzake, wazo linarudiwa kwa sura nyingine, na macho yakipita kimya yanaona marudio tu yanachoka. Mdomo unaonja. Mi nilikipenda kitabu kile kipindi cha mgao wa umeme, mke wangu yuko kwenye jiko la mkaa anakaanga maandazi ya kesho, mi nimekaa kwenye ndoo namsomea kwa tochi ya simu, kufika mahali akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema, "Huyu waziri namjua, yupo kwenye kikoba chetu." Hapo ndo nikajua kitabu kimeingia ndani ya nyumba.

Maneno magumu yapo, mengi yana asili ya Kiarabu na mengine hayasikiki tena mtaani. Usikimbilie kamusi kila mstari, utakuwa kama mtu anayekula samaki anahesabu miiba. Chora mstari kwa penseli, endelea, mara nyingi sentensi inayofuata inakueleza, na ukimaliza chapta angalia mawili matatu yaliyokukwama kweli.

Ila mpwa, nani kakwambia uanze na huyo? Kiweke kabatini kwanza, hakiozi. Tafuta Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kiliibuka cha kwanza kwenye mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957-58, kikachapishwa 1960, na humo tajiri Bwana Ali anakutwa mzimuni kafa na kichwa hana, ndo anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni pamoja na rafiki yake Najum, wanaanza kuchokonoa. Watu humwita Bwana Msa Sherlock Holmes wa Unguja. Hapo hutolala, na bila kujua utakuwa umezoea Kiswahili cha zamani, maana yule mzee naye anazunguka kwenye maneno kama mtu anayetafuta mlango, ila unamsamehe kwa sababu unataka kujua kichwa kiko wapi. Ukitoka hapo chukua Kuli cha Adam Shafi, makuli wa bandari ya Unguja na kijana Rashidi mpaka mgomo wa 1948, halafu cha mwandishi huyohuyo Vuta n'Kuvute, yule binti wa Kihindi Yasmin aliyeozwa mwanamume mtu mzima akamkimbia. Hicho hata ukiwa umeshaona filamu yake ya 2021 kisome, filamu imebeba vingine na vingine imeviacha. Halafu rudi kwa Karama. Niandikie.

SWALI: Assalaam aleikum mjomba. Mimi ni nesi Mombasa, niko zamu za usiku mwezi mzima, nikaamua nisome Crime and Punishment ya Dostoevsky kwa Kizungu. Wallahi nimefika peji ya sitini ndo nikagundua Rodya, Raskolnikov na Rodion Romanovich ni mtu mmoja! Nilikuwa nishawatenga kama ndugu watatu. Hawa Warusi wana shida gani?

JIBU: Waaleikum salaam binti yangu. Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Na mi nilipita hapohapo.

Hawana shida, ni sisi kabisa. Hilo neno la katikati ni bin na binti tu. Romanovich ni bin Roman, na dada yake Avdotya Romanovna ni binti Roman, kama vile Siti binti Saad. Jina la nyumbani la huyo dada ni Dunya, na la kaka ni Rodya, kama Khadija anavyoitwa Dija na Mohamed Mudi. Mama yake hatamwita Raskolnikov, umewahi kumsikia mama anamwita mwanawe jina la ukoo? Labda akiwa kavunja sahani.

Sasa utamu wake uko hapa. Kumwita mtu jina lake na la baba yake kwa Warusi ni heshima, ni kumpa kiti. Kwahiyo ukikuta mtu kabadilisha namna ya kumwita mwenzake, kitu kimebadilika kati yao, na utakikuta hicho kitu kwenye jina kabla hakijasemwa. Kuna mpelelezi humo, Porfiry Petrovich, utakutana naye mbele kidogo. Yeye ni mpole, mcheshi, "Rodion Romanovich" hivi, "Rodion Romanovich" vile, na kadiri anavyozidisha adabu ndo unavyozidi kutetemeka, ile adabu ya askari anayekuita mheshimiwa huku pingu ziko kiunoni. Ukiwa umeyachukulia majina kama kero ya spelingi, kile kitisho chote kinakupita.

Chukua kipande cha karatasi kiwe alama ya kitabu, juu yake andika ukoo wa Roman: mama, Rodya, Dunya. Chini andika ukoo wa Marmeladov yule mlevi na binti yake Sonya. Wengine watajipanga wenyewe. Hiyo karatasi imeniokoa kwenye Warusi wote.

Na usitafute muuaji ni nani, maana unamwona kwa macho yako mapema kabisa, kitabu hakijamaliza sehemu ya kwanza kati ya sita. Kinachobaki ni mtu na joto la mwezi wa saba ndani ya kichumba cha juu kama kabati, kodi hajalipa, anashuka ngazi kwa kunyata asikutane na mwenye nyumba. Mtu wa Mombasa aliyepanga chumba cha bati Januari hahitaji maelezo ya mwalimu hapo. Kwa zamu zako pia kitakufaa, kilitoka vipande vipande kwenye jarida la Moscow mwaka 1866, msomaji anasubiri toleo lijalo, ndo maana vipande vingi vinaishia mtu kasimama mlangoni. Kisome hivyohivyo, chapta moja wagonjwa wakilala, ufunge. Atakayekimeza chote wikendi moja atakimaliza, ila mwanzo atakuwa ameshausahau.

SWALI: Mambo anko, nasoma chuo Nairobi. Lecturer alituambia tuanze na Pride and Prejudice ya Jane Austen. Niko chapta ya tano. Watu wanatembeleana, wanakunywa chai, wanadance, wanarudi nyumbani kuongea kuhusu wale waliodance. Story inaanza lini?

JIBU: Poa. Ilianza chapta ya kwanza, we ulikuwa unasubiri bunduki.

Hebu iangalie hivi. Nyumba ina mabinti watano, hakuna wa kiume. Shamba na nyumba baba akifa vinaenda kwa ndugu wa kiume wa mbali, Collins, hao wasichana na mama yao watafute pa kwenda. Sasa kijijini kaingia kijana tajiri anaitwa Bingley, pauni elfu nne au tano kwa mwaka, halafu rafiki yake Darcy, elfu kumi. Peji za mwanzo tu pesa zishatajwa. We umeona chai, wale wanawake wameona maisha yao yote yako mezani. Nenda posa yoyote ya huko kwenu uangalie mashangazi wanavyompima kijana kwa macho huku wanasifia chapati, hakuna anayesema neno baya na kila mtu anajua bei. Ndo kitabu hicho, tangu 1813.

Halafu yule mama, Bi Bennet, kila mtu anamcheka, mwandishi mwenyewe anamcheka. Mi sikuhizi simcheki sana. Ndo pekee nyumbani mle anayehangaika na hesabu, mume kajifungia na vitabu vyake anatoa vichekesho.

SWALI: Mjomba kwa heshima zote, nani aliamua kwamba hivi ni vitabu bora vya wakati wote? Isije kuwa ni maprofesa wachache wanapeana, na sisi tunajilazimisha kupenda ili tuonekane wasomi. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Swali zuri na lina hasira nzuri. Kuna ukweli humo, orodha za shule zinapangwa na watu, na watu wana marafiki na wana siasa zao. Mimi kuna vitabu vinavyoitwa vikubwa nimeviacha katikati na sijarudi, sivitaji hapa kwa sababu nataka amani.

Ila kwa kuwa uko Mwanza nikupeleke hapo jirani, panda meli nenda Ukerewe. Kisiwa kimoja kimetoa watu wawili. Mmoja Euphrase Kezilahabi, ambaye 1971 alitoa Rosa Mistika, msichana anayelelewa kwa fimbo na baba mkali, akifika shule ya mbali akafunguka kama maji yaliyobomoa tuta, na alichoandika kuhusu walimu na mabwana wakubwa kiliwaudhi watu, kikapigwa marufuku mashuleni. Hao waliokuwa na madaraka ya kuamua wakati ule waliamua hapana! Leo huwezi kuongelea riwaya ya Kiswahili ukamruka Rosa. Waliomweka pale ni wasomaji waliopeana kitabu kwa siri, kava limefunikwa gazeti, nami niliazimwa hivyohivyo.

Mwingine ni mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika habari za Myombekere na mkewe Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyetaka kukichapisha, nani angesoma Kikerewe? Mzee akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kimekuja kutoka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Ni kitabu kinene na nakuonya hakina haraka hata kidogo. Wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu ya ndoa kukosa mtoto, mume anataka kumrudisha, na we unataka kujua atarudi au harudi, lakini mzee kwanza anakuonyesha wanavyosalimiana, pombe ya ndizi inavyotengenezwa, nani anakaa wapi, nani anakula nini. Mara ya kwanza nilikuwa naruka. Mara ya pili nikaelewa kwamba yale niliyokuwa naruka ndo aliyotaka yasife, alikuwa anayaona yanaondoka mbele ya macho yake, hadithi ya ndoa ameiweka iwe kamba ya kuyafungia. Sasa nimwambie nini, apunguze pombe?

Kwahiyo usijilazimishe kupenda, ila kitabu kikikuchosha jiulize kimekuchosha kwa sababu hakina kitu au kwa sababu kinakuonyesha kitu ambacho we ulikuwa unakipita mbio. Ukishajiuliza na bado unaona ni uji mtupu, kifunge bila aibu.

SWALI: Kusoma riwaya ya nje kwa tafsiri ya Kiswahili ni kudanganya? Jamaa zangu wananicheka kwa kusoma Shujaa Okonkwo wakati wao walisoma Things Fall Apart.

JIBU: Waulize na wao kama Vita na Amani wameisoma kwa Kirusi. Nyerere alimtafsiri Shakespeare akiwa kashika nchi, Julius Caesar ikatoka kwa Kiswahili 1963, na Gurnah aliyepata Nobel 2021 tunaye kwa Kiswahili, Paradise imekuwa Peponi, na ukiisoma kuna mahali unaona wale watu wamerudi kwenye lugha yao wenyewe, wanapumua. Kuna tafsiri mbovu, hiyo kweli, ukikuta sentensi inayumba kama imekunywa, badilisha tafsiri. Ya Okonkwo endelea nayo.

SWALI: Mjomba, nilikuwa na Nyota ya Rehema ya zamani kabisa, ya marehemu baba, na jina lake kaliandika ndani kwa mkono. Nimemwazima rafiki mwaka juzi. Kila nikimuuliza anasema bado anasoma. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwanangu, bado anasoma maana yake hajui kiko wapi. Nakala nyingine ya kusoma usikate tamaa, piga hodi Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, au zungukia wauza vitabu wa chini pale mjini, mi nimewahi kupata pale vitabu nilivyodhani vimeisha duniani. Ila chenye mwandiko wa baba hakina nakala. Nenda kwake Jumapili asubuhi bila kupiga simu, beba nyama kilo moja ili wasikufukuze, na mkishakula inuka useme, "Nisaidie tukitafute wote." Anza chini ya kitanda.